Ndoo ya Pili

Mzee Fabiani, aliyekuwa karani wa dirisha la macho katika hospitali ya Mbulu, tulimzika Jumamosi huko Dongobesh, nyuma ya nyumba yake, kwenye kipande cha shamba ambacho mahindi yake yalikuwa yamekatwa mapema ili watu wapate pa kusimama. Nilitoka Masieda na gari la asubuhi, mdogo wangu Paskalina akatoka Gehandu anakofundisha, tukakutana pale nyumbani tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Familia ilikuwa imemwomba asome historia ya marehemu, kwa kuwa ni mwalimu na ana sauti. Alisoma karatasi nzima bila kukwama, ameishika mbali kidogo na uso kama anavyofanya sikuzote, miwani yake minene ikimeta juani. Mimi nilikaa na kina mama chini ya turubai nikimwangalia anavyosogeza macho kutoka mstari hadi mstari. Paskalina akisoma, mimi huwa sisikii kinachosomwa. Namwangalia tu macho.

Baada ya mazishi tuligawiwa wali na maharage. Nyuma yangu walikaa wanaume watatu juu ya gogo, sahani magotini, nao walikuwa na njaa na maneno.

"Historia nzuri," alisema mmoja. "Ila kuna ukurasa wameuruka."

"Upi tena?"

"Wa majina. Huyu si ndiye aliyekuwa anauza majina pale dirishani? Ukipeleka debe la maharage, jina lako linapanda juu kama moshi."

"Acha wewe, unakula wali wa mtu."

"Wali nakula na ukweli nasema. Hata huko alikokwenda ataomba akae mlangoni na daftari. Na haya maharage, unafikiri ni ya nani?"

Wakacheka, yule wa tatu akapaliwa, wakampiga mgongoni. Mimi nikaweka kijiko chini. Debe lile la maharage nalijua vizuri, kwa sababu nililitunga mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya watu waliojaa benchi mbili. Nilikuwa sijalisikia kwa muda mrefu nikadhani limekufa. Kumbe mzee mwenyewe ndiye aliyetangulia kufa, na debe limebaki hapa linakula wali pamoja nasi.

Jinsi tulivyobaki peke yetu, mimi na Paskalina, sitaisimulia hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mkubwa, nilikuwa nimeacha shule mapema ili nyumba isimame, na nilikuwa nimeapa kwamba katika nyumba ile wa kuacha shule atakuwa mmoja tu. Paskalina alikuwa darasa la sita. Mwaka ule alianza kuwatambua watu kwa miguu yao wanavyotembea. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele, kisha akamketisha sakafuni chini ya ubao, na bado alikuwa ananakili kwa kusomewa na mwenzake. Hospitalini waliniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba jambo hilo linatibika kwa upasuaji. Lakini madaktari wa macho walikuwa wanakuja mara chache kwa mwaka, na kwa mtoto lazima aje pia mtaalamu wa sindano ya usingizi. Kwa hiyo kulikuwa na orodha. Mwalimu mkuu naye aliniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo tayari lilinitia wasiwasi, akasema, "Yasinta, mwakani ni darasa la saba. Asipoona karatasi, siwezi kumwandikisha mtihani." Nilitoka pale nikijua muda nilionao: mpaka shule zifungwe.

Dirisha la macho lilikuwa mwisho wa korido, upande wa jua. Watu walikuwa wakifika wanaweka madaftari yao ya matibabu kwenye kizingiti cha dirisha, moja juu ya jingine, halafu wanarudi kukaa. Mzee Fabiani alikuwa akiligeuza rundo lote kwa mikono miwili ili la kwanza kufika liwe juu, na hapo ndipo anaanza. Alikuwa mwembamba, na sweta la kijani lililoshonwa kiwiko kwa uzi wa bluu. Alipiga mistari kwa rula hata pale ambapo hapakuhitaji mstari. Hakuinua uso. Ukimwambia shikamoo alijibu marahaba akiangalia daftari, na mimi niliona mtu asiyekuangalia usoni ana jambo. Nilianza kuhesabu. Mama mmoja wa Dongobesh aliandikishwa wiki mbili baada yetu, akaitwa kabla yetu. Nilimuuliza Mzee Fabiani kwa nini. Akasema, "Jicho lake halikuweza kusubiri." Nikasema moyoni, na la mdogo wangu nani alikwambia linaweza?

Hapa lazima nieleze habari ya bombani kwetu. Kijijini bomba lilikuwa moja, maji yalikuwa yanatoka siku mbili kwa wiki, na kila nyumba ilikuwa inaweka ndoo mbili kwenye foleni. Moja ilikuwa ya nyumba, mahali pake pa haki. Ya pili, kuukuu, mara nyingi imepasuka mdomo, uliiweka mbali kidogo kwa jina la shangazi au la jirani asiyekuja, ili foleni ikivurugwa huku uwe na mguu kule. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeita wizi. Mama aliyeweka ndoo moja tulimwona ni mzembe. Kwa hiyo nilipoona orodha ya Mbulu haisogei, nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili kwetu angefanya. Nilimchukua Paskalina mpaka Balangdalalu kwa shangazi yetu, na wahudumu wa macho wa Hanang, wilaya jirani, walipokuja kuandikisha wagonjwa, nikamwandikisha tena. Huku alikuwa Paskalina Margwe wa Masieda. Kule akawa Paskalina Bura, kwa jina la mume wa shangazi. Fomu niliijaza mwenyewe, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mtendaji.

Paskalina aliniuliza tukiwa njiani kurudi, "Dada, sasa mimi ni Bura?"

"Wewe ni Margwe. Bura ni ndoo."

Alicheka sana. Alicheka mpaka akajikwaa, kwa kuwa hakuona jiwe.

Masika yalipokolea, shangazi alipiga simu dukani kwetu. Mwenye duka alimtuma mtu aniite, nikaenda nikikimbia na mikono ya unga. "Ameitwa," shangazi alisema. "Alhamisi. Mlete Jumatano alale kwangu." Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilisimama pale kwenye magunia ya chumvi nikifikiri: mbona upesi hivi? Huku tumesubiri miezi, kule miezi miwili tu na tayari? Mama mmoja aliyekuwa ananunua mafuta ya taa akasema, bila kuulizwa, kwamba upande ule wanakuja wanafunzi, wanajifunzia kwa watu. Alikuwa amesikia kwa mtu. Hilo lilinitosha. Nikamwambia shangazi kwamba Paskalina ana homa. Ilikuwa siku ya kupalilia, na Alhamisi hiyo Paskalina alipalilia pamoja nami, akikata mahindi na magugu bila kubagua, mpaka nikamwambia akae. Nilijiona nimemwokoa.

Miezi michache baadaye mganga mkuu mpya, mama mmoja mfupi, mkali, mwenye kutembea haraka, alitangaza kwamba orodha ya macho itapunguzwa. Neno hilo lilitisha watu kuliko ugonjwa. Kwenye benchi nilisikia mzee akisema, "Wanapunguza orodha. Hawajasema wanapunguza vipofu." Walisema watalinganisha madaftari ya pande zote mbili, Mbulu na Hanang, waondoe waliokwisha kutibiwa kwingine, waliofariki na waliohama, ili waliobaki waitwe upesi. Hakuna aliyeamini. Orodha mpya ilipobandikwa ukutani niliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Paskalina hakuwemo.

Nilikwenda dirishani na nikasema kwa sauti ya shambani. Nikasema jina la mtoto yatima limekatwa ili apewe mwenye debe la maharage. Nikasema nimeona kwa macho yangu mtu akipita nyuma ya jengo na debe begani. Hilo la mtu na debe lilikuwa kweli. Lakini nyuma ya jengo palikuwa pia na jiko la wagonjwa, na sehemu hiyo sikuisema. Benchi zote mbili zilianza kunong'ona, na nilisikia raha ambayo mpaka leo naionea aibu. Mzee Fabiani aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kusoma.

"Jina la mdogo wako limewekwa kando," alisema. "Halijakatwa."

"Kando ni wapi?"

Alinipa kurasa nne za majina na kalamu. "Wewe unasoma, unaandika vizuri, na hukubali kudanganywa. Masieda sina mtu. Nenda nyumba kwa nyumba uniandikie nani bado anasubiri."

Nilijua ananifunga mdomo. Nikazichukua hizo kurasa kwa nia moja tu, ya kumlinda. Yaani kumlinda yeye asiponyoke.

Nilitembea majuma matatu. Niliingia kwenye majiko yenye moshi, nikapewa viti vifupi, chai ya maziwa na makande ya jana, na kila nyumba waliniangalia kama nilivyokuwa ninamwangalia Mzee Fabiani. Mama mmoja aliniambia mumewe bado anasubiri, na mume mwenyewe akawa anapita uani akiendesha baiskeli. Alikuwa ametibiwa hospitali ya misheni mwaka uliotangulia. "Si vibaya jina likakaa," mama alisema. "Jicho linaweza kurudia." Bibi mwingine alikuwa na majina matatu: la ubatizo, la nyumbani, na la binti yake mzima kabisa. Niliwacheka. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, hayupo, amepona, huyu ni yuleyule. Orodha iliyokuwa ndefu ilianza kukonda mbele ya macho yangu, na nikaona kwamba mistari mingi kwenye ile foleni iliyotutisha wote ilikuwa ndoo kuukuu zisizo na mwenyewe.

Niliporudisha kurasa, Mzee Fabiani aliuliza kama nina ndugu upande wa Hanang. Nikasema shangazi, Balangdalalu. Akanipa ukurasa mmoja zaidi. Niliusoma njiani, garini. Mstari wa saba ulikuwa Paskalina Bura, na pembeni yake, kwa wino mwekundu: aliitwa, hakufika. Mstari wa nane ulikuwa Tluway, mzee wa miaka sitini na tano.

Nyumbani kwa Mzee Tluway nilipaacha mwisho. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua dengu kwenye ungo kwa vidole, mawe huku, dengu huku, wala hakosei.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa hapa, unakanyaga kama mtu wa mlimani."

Mkewe alileta ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilieleza nilichotumwa. Mzee akatikisa kichwa. "Nifute. La kushoto lilikwisha zamani. Hili la kulia nalo limekwisha baada ya mavuno. Daktari anasema presha ya jicho imelikaba. Lingepasuliwa mapema lingepona."

"Hukuitwa?"

"Sikuitwa, lakini nilikwenda," alisema. "Alhamisi ile walipokuja madaktari. Nilikuwa wa nane na waliitwa saba. Nikasema nikae pale, labda mtu asifike. Na kweli, mtu hakufika. Binti fulani."

"Tulikaa naye benchi," mkewe akadakia. "Manesi wanatoka, wanaita, Paskalina Bura! Paskalina Bura! Huyu mzee wangu anasema, nichukueni mimi. Wanamwambia, subiri baba, ni mtoto, anatoka mbali, tusimnyime nafasi yake. Wakamngoja mpaka saa tisa. Saa tisa yule wa usingizi akawa lazima aondoke, na madaktari gari ni moja."

"Si kosa la mtu," alisema Mzee Tluway.

"Sikusema ni kosa. Nasema walingoja."

Niliuliza kama waliwahi kujua yule binti alikuwa wapi. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka nisikie wakimtukana.

"Atakuwa alifariki, masikini," mzee alisema. "Mtoto anaitwa kutibiwa macho, asije? Nani angemzuia? Tunamtaja hapa jioni tukisali. Mama, huwa tunasemaje?"

"Na yule mtoto Bura, umpe mwanga wa milele."

Nilimaliza ugali wote. Ingekuwa dharau kuuacha. Niliandika kwenye ukurasa wangu, Tluway, aondolewe, kwa mwandiko wangu uleule mzuri, jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi. Kisha niliaga, nikatembea hadi barabarani, nikakaa chini kando ya mtaro hata gari la kwanza likanipita.

Mzee Fabiani nilimkuta saa ya chakula, dirisha limefungwa, anakula viazi vitamu vya kuchemsha juu ya gazeti. Alinikatia kimoja. Sikukaa. Nilimwambia yote, upesi, nikiangalia rula yake. Hakushangaa. Alifungua droo, akatoa fomu mbili, akaziweka sambamba: umri uleule, macho yaleyale, mwandiko uleule.

"Sasa niambie. Mdogo wako ni yupi?"

"Wote wawili."

"Mtoto mmoja hawezi kulala meza mbili." Akanisogezea daftari, rula na kalamu. "Kata mwenyewe."

Nilikata Bura. Niliuliza, "La Masieda litarudi mkiani?"

"Litarudi pale lilipokuwa. Si mtoto aliyejiandikisha mara mbili."

"Na Mzee Tluway?"

Alifunga daftari. "Huyo hayumo tena. Orodha inapungua hivyo pia."

Nilingoja aniambie anachotaka. Ningeelewa kama angeniambia nipite benchi kwa benchi nikanushe yale maneno, au nimlimie shamba. Nilingoja mwezi huo na miezi iliyofuata. Paskalina aliitwa kabla shule hazijafungwa, maana sasa foleni ilikuwa ya watu wa kweli. Siku walipomtoa bandeji ya pili aliangalia viatu vyangu akasema, "Dada, kumbe kimoja ni cha kahawia!" Darasa la saba alifanya mtihani. Na Mzee Fabiani hakutaka chochote. Kwa muda mrefu hilo ndilo nililomshuku nalo zaidi. Nilijiambia mtu asiyedai ana anachoficha, na kwa kuwa nilijiambia hivyo, sikuona haja ya kukanusha. Ikawa rahisi. Debe likaenda lenyewe, kijiji kwa kijiji, na mimi nikawa mama mtu mzima mwenye kusifiwa kwamba hadanganyiki. Kama alinipeleka kwa Mzee Tluway akijua, sikuwahi kumuuliza. Juzi nilipopata habari ya msiba ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nasubiri kumuuliza.

Nikageuka kwa wale wanaume juu ya gogo.

"Kaka, hilo debe la maharage ulilisikia kwa nani?"

"Ah, mama, habari ya zamani hiyo. Kila mtu anaijua."

"Ilianza kwa mtu."

"Wanasema kuna dada mmoja wa Masieda aliona kwa macho yake."

"Hakuona. Aliona mtu anapeleka debe jikoni kwa wagonjwa. Dada huyo ni mimi."

Yule aliyekuwa amepaliwa aliacha kutafuna. Yule wa kwanza akasema taratibu, "Sasa mama, mzee tumeshamfukia, unasema ili iweje?" Nilipoinua uso, Paskalina alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai, kimoja changu.

"Dada, debe gani?"

Nilimwambia palepale, chai ikipoa. Nilimwambia habari ya Bura, ambayo aliikumbuka kama mchezo wa njiani. Nilimwambia habari ya Alhamisi tuliyopalilia. Nilimwambia habari ya benchi, ya saa tisa, na ya ungo wa dengu. Alisikiliza bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake.

"Aliniombea kama marehemu?"

"Kila jioni."

"Na wewe hukumwambia kwamba nipo."

"Sikumwambia."

Aliweka vikombe chini, akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa tena. Watu walikuwa wameanza kuaga, msemaji wa familia akiuliza kama kuna mwenye neno la mwisho. Paskalina alitoa mfukoni ile karatasi ya historia ya marehemu, akaigeuza upande usio na maandishi, akanipa pamoja na kalamu.

"Andika," alisema. "Yote, na la Mzee Tluway. Nitasoma mimi."

Niliandika juu ya goti, kwa mwandiko uleule niliouandikia zile fomu mbili. Akaichukua, akapita katikati ya watu hadi mbele ya kaburi, akaishika mbali kidogo na uso, akaanza kusoma.